Miaka Ishirini na Miwili ya Mwalimu Kristina, Mwangalizi wa Watoto wa Lugoni

Mwalimu Kristina binti Rehani anastaafu tarehe 31 Desemba 1912, baada ya kuitumikia Shule ya Misheni ya Lugoni kwa miaka ishirini na miwili. Miaka kumi na mmoja ya kwanza alifundisha darasa la kusoma. Miwili iliyofuata alikuwa mwanafunzi tena. Tisa ya mwisho amekuwa mwangalizi wa watoto, kazi ambayo kabla yake haikuwepo katika shule yetu, na kwa kadiri tujuavyo haikuwepo katika shule nyingine yoyote ya milima hii.

Kwa wageni wasioijua kazi hiyo, ni hivi. Mtoto akishindwa kusoma, akitoroka, akinyamaza au akipigana kila siku, mwalimu wa darasa hamfukuzi. Anampeleka kwa mwangalizi. Mwangalizi humtazama darasani na mchezoni, hufika nyumbani kwao, hukaa naye akamsikiliza, kisha husema mtoto amekwama wapi na asaidiwe vipi.

Nimeombwa kuandika wasifu huu, utakaosomwa kwenye sherehe ya kumuaga, kwa kuwa ndimi ninayenakili daftari za ofisi tangu nilipomaliza shule mwezi wa Agosti. Niliyoyaandika nimeyapata katika daftari hizo, kwa Padre Bonifasi, kwa Mwalimu Andrea, na kwa Rosa, ambaye mtamkuta mbele kidogo. Mwalimu Kristina mwenyewe nilipomwendea alisema tu, "Andika kifupi, mwanangu, watu watakuwa na njaa."

Alilelewa na masista huko Bagamoyo, na ndiko alikosomea ualimu. Alifika Lugoni Januari 1891 akiwa na miaka ishirini, kwa miguu, na mwezi wa Juni wa mwaka huo ndipo alipojua baridi ni kitu gani. Alifundisha akiwa amejifunga blanketi mbili, na watoto wakamwita Bibi Blanketi. Watoto hao sasa ni wazazi wetu. Bado wanamwita hivyo sokoni, naye huitika.

Mwaka 1901 wanafunzi kumi na wawili waliondolewa shuleni kwa sababu iliyoandikwa kwa neno moja, "wazito". Mwaka huo huo Padre Bonifasi, mkuu wa misheni yetu, alirudi kutoka likizo kwao Udachi na sanduku la vitabu vya elimu mpya inayochunguza akili na moyo wa mtoto. Alitaka kumfundisha mtu mmoja elimu hiyo kwa miaka miwili. Alisema haifai kwa anayeanza ualimu. Inamtaka mwalimu aliyekwisha kumaliza masomo yake na kufundisha. Walimu wawili wanaume walikataa. Mmoja aliuliza, "Nimesoma miaka minne, leo nirudi kukaa nyuma na watoto?" Mwalimu Kristina alisema atakaa nyuma.

Na kweli alikaa nyuma. Miezi mitatu ya kwanza alikatazwa kusema wala kuandika darasani. Kazi yake ilikuwa kutazama. Miezi iliyofuata alimfuata mtoto mmoja mmoja hadi kwao, akibeba alichobeba mtoto, kama ni kuni au kibuyu cha maji. Jioni Padre alimsomea vitabu vyake, akitafsiri ukurasa kwa ukurasa, na walipofika mahali pagumu walibishana mpaka kengele ya sala.

Ubishi wao mkubwa ulikuwa juu ya saa. Padre alifundishwa kwamba akili ya mtoto hupimwa kwa wepesi wa kujibu. Alikuwa akimwita mtoto, anamuuliza kuku ana miguu mingapi, na kutazama saa yake ya mfukoni. Baada ya mwezi alikuwa na orodha ya wazito. Mwalimu Kristina aliisoma mara mbili.

"Padre, naomba saa uirudishe mfukoni."

"Kwa nini? Saa haina upendeleo."

"Saa haina, Padre. Lakini mtoto wa huku akimjibu mkubwa upesi, nyumbani anapata kofi. Husubiri kwanza umalize kumtazama. Hawa uliowaandika wazito ndio wenye adabu kuliko wote."

"Na hawa wepesi ni akina nani?"

"Hao ndio wanaokuibia njegere."

Padre husimulia kisa hiki mwenyewe, na husema siku hiyo hakujua ni nani kati yao aliyekuwa mwanafunzi.

Naye Mwalimu Kristina alikosea, na kosa lake lilikuwa la mtu wa pwani. Kulikuwa na mtoto mtoro ambaye alimfuatilia kwa wiki sita. Kila wiki alipanda kwa baba yake kumwomba amrudishe shuleni. Baba alikubali kwa upole kila mara na kumpa magimbi ya kurudi nayo. Mtoto hakuja. Mwishowe bibi mmoja jirani alimhurumia akamwambia, "Mwalimu, unamwomba baba wa watu mtoto wa watu?" Mwalimu Kristina hakujua kwamba kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Alikwenda kwa mjomba, wakasalimiana, wakala ugali. Baada ya siku mbili mtoto alikuwa darasani. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari yake aliandika kwa herufi kubwa, ANZA NA MJOMBA.

Alifaulu mtihani wake Desemba 1903, akapewa chumba kilichokuwa ghala la mbegu za viazi. Padre alimwagizia kiti kirefu kutoka kwa seremala wa mjini. Kiti hicho kipo bado, na kimetumika vizuri sana kuanikia blanketi. Yeye alikalia kigoda, ili mtoto aliyesimama mbele yake awe juu na yeye awe chini.

Wakati wa vita ya mwaka 1905 shule ilifungwa kwa muda. Tuliporudi, wengi wetu tulikuwa tunaruka kwa hofu mlango ukigongwa, na wadogo walikuwa wakijificha chini ya madawati. Mwalimu Kristina hakutuhutubia. Alimwomba fundi ang'oe milango yote ya madarasa. Muhula mzima tulisoma na ukungu umo ndani, walimu wakikohoa na kunung'unika, lakini hapakuwa na mlango wa kugongwa. Ilirudishwa mmoja mmoja, na watoto ndio waliosaidia kuibeba.

Hata Morogoro mjini alijulikana. Daftari zake alizinunua dukani kwa Bwana Rahemtulla. Siku moja mkewe, Bibi Shirin, alianza kumweleza shida ya mwanawe mbele ya wateja. Mwalimu Kristina alimkatiza: "Bibi Shirin, nipimie kwanza chumvi. Mtoto hasemwi mbele ya mizani." Wakaenda nyuma ya duka wakazungumza. Shida yenyewe haijulikani mpaka leo, ila kila Krismasi hupanda mlimani kifurushi cha sukari kutoka dukani kule.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake ya kwanza. Alichokuambia mtoto ni chake. Hukitoi bila ruhusa yake, hata kwa mwalimu mkuu, hata kwa Padre. Kwa sheria hiyo Mwalimu Kristina yuko nasi mwaka huu, maana alipaswa kustaafu mwaka jana.

Mwaka 1910 alipewa mtu wa kumfundisha ili amrithi. Ni Mwalimu Andrea, mzaliwa wa hapa hapa mlimani, aliyemaliza ualimu kwa alama nzuri sana. Padre Bonifasi aliweka sharti. Misheni haiwezi kumlipa mwangalizi asiyefaulu. Kama siku Mwalimu Kristina atakapoondoka hakuna aliyefaulu, kazi itakoma na chumba kitarudi kuwa cha viazi. Kila mtu aliamini Andrea atafaulu, hata yeye mwenyewe.

Mtoto wa mtihani wake alikuwa Rosa, wa darasa la tatu. Rosa alikuwa msomaji bora wa darasa, halafu ghafla akawa hawezi kusoma kwa sauti. Akifungua kitabu mbele ya watu alikifunga. Mwalimu Andrea alifuata hatua zote. Alikaa nyuma ya darasa, alibeba kuni, alimsalimia mjomba wake Rosa, Mzee Fransisko, mkulima wa njegere na viazi, na kuomba idhini yake. Wiki ya tano Rosa alimwambia.

Baba yake Rosa alikuwa kwenye kazi ya reli, mbele ya Dodoma. Alimpata mtu wa kumwandikia barua akaituma nyumbani. Nyumba nzima aliyejua kusoma ni Rosa peke yake. Mama, bibi na majirani walikaa wakasubiri. Barua ilisema kwamba baba ameoa huko na hatarudi. Rosa aliitazama, halafu akasoma, "Baba anawasalimu wote. Atarudi mahindi yakikauka." Watu walipiga vigelegele. Tangu siku hiyo, akifungua maandishi yoyote mbele ya watu, sauti ilimkimbia.

Jioni ile Mwalimu Andrea alipita kwa Mzee Fransisko akamweleza yote. Hakufanya hivyo kwa kupenda maneno. Kwetu, mtu anayejua jambo kama hilo juu ya mpwa wako akapita mlangoni pako kimya, amekutukana. Na katika daftari yake mwenyewe, ukurasa wa kwanza, alikuwa amenakili somo la mwalimu wake juu ya mjomba. Mzee Fransisko alimwambia dada yake, ambaye ndiye mama wa Rosa. Dada alilia kwa sauti, na majirani wakasikia. Kabla ya Jumapili wasichana waliokuwa wakiteka maji mtoni walikuwa wanamwimbia Rosa, "Mahindi yamekauka, baba yuko wapi?" Rosa aliacha shule.

Mtihani ulifanyika Novemba 1911. Watahini walikuwa Padre Bonifasi, mwalimu mkuu wetu Bwana Severini, na Mwalimu Kristina. Daftari ya Andrea ilikuwa safi kuliko yoyote niliyoinakili. Padre alimsifu.

"Amegundua sababu," alisema.

"Ameigundua," alijibu Mwalimu Kristina, "na mtoto amempoteza."

Hakutia sahihi. Aliandika maneno haya, ambayo nimeyakuta kama yalivyo: "Hajafaulu. Nusu ya kosa ni langu. Nilimfundisha aanze na mjomba. Sikumfundisha aishie wapi."

Padre alikasirika. Barua ya kustaafu ilikuwa imekwisha kupelekwa Bagamoyo, na mbuzi wa sherehe amekwisha kununuliwa. (Aliliwa Krismasi.) Alimwambia Mwalimu Kristina anaweza kubaki mwaka mmoja, wala si siku moja zaidi. Andrea akishindwa tena, au akiondoka, habari ya mwangalizi imekwisha.

Na Andrea alikuwa karibu kuondoka. Alikwenda kwao akakaa wiki mbili, akasema atarudi kufundisha hesabu, kwa kuwa hesabu hazina mjomba. Mwalimu Kristina, ambaye magoti yake hayapendi miteremko, alitembea nusu siku kumfuata. Hakumbembeleza. Alimwambia, "Wewe umeanguka mbele ya watu watatu. Yeye ameanguka mbele ya kijiji. Nani aanze kuinuka?" Kisha akaomba maji ya kunywa, akarudi.

Wiki iliyofuata Mwalimu Andrea alikuwa kwa Mzee Fransisko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta habari gani tena?"

"Leo sikuleta. Siku ile nilikuletea kitu kisichokuwa changu. Nimekuja kukiomba."

"Maneno yale? Unadhani ni mbegu za viazi, nikujazie debe uondoke nalo?"

Mzee alitafuta ugoro wake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwishowe alisema, "Basi, tuko wawili. Wewe uliniambia mimi, mimi nikamwambia mama yake. Jembe lile pale."

Siku hiyo walipatana jambo ambalo sasa limeandikwa katika kanuni za mafunzo. Mjomba ataambiwa mtoto yuko wapi na anaendeleaje, na hakuna atakayepita mlangoni pake kimya. Lakini alichosema mtoto, mtoto atakisema mwenyewe akitaka. Mzee Fransisko aliuliza kama kanuni hiyo inamhusu na Padre. Alipoambiwa inamhusu, aliikubali.

Kila Jumamosi kuanzia Januari Mwalimu Andrea alipalilia njegere za Mzee Fransisko. Rosa naye alikuwa shambani, mistari kadhaa mbali. Andrea hakumuuliza kitu wala hakutaja shule. Watu walimcheka. "Mwalimu amekuwa kibarua," walisema, na wengine walimwonyesha mashamba yao yenye magugu zaidi. Februari ilipita hivyo. Katikati ya Machi Rosa alisogea hadi mstari ulio jirani na wake.

"Mwalimu, ni kweli ulianguka mtihani?"

"Kweli."

"Mtu mzima?"

"Mtu mzima."

"Ulichapwa?"

"Nilipewa jembe."

Rosa alicheka, na Mzee Fransisko aliyekuwa juu ya kilima alijifanya hajasikia.

Waliyozungumza baada ya hapo ni yao. Rosa ameusoma ukurasa huu kabla haujapigwa chapa, na ameniruhusu kuandika haya yote kwa jina lake, kwa sababu alisema yalikwisha kuimbwa mtoni na anataka mara moja yasemwe sawasawa. Alifuta mistari miwili, nami sikuirudisha.

Ninayoweza kuandika ni yale ambayo kila mtu aliyaona. Mwezi wa Mei mama yake Rosa alimletea ile barua, akamwomba amsomee tena, kama ilivyoandikwa. Rosa alisoma, mama na mjomba wakasikiliza mpaka mwisho. Kisha mama akamwambia achukue kalamu, na wakaandika majibu. Jumanne baada ya Pentekoste Rosa alikuwa darasani. Alikaa kimya wiki nyingi. Mwezi wa Septemba, katika somo la jiografia, alisimama bila kuitwa akasoma ukurasa mzima juu ya mito, na kosa alilofanya ni moja.

Mtihani wa pili ulikuwa tarehe 29 Novemba mwaka huu. Nilikuwa nimekaa kwenye meza ndogo kuandika yanayosemwa. Daftari ya Mwalimu Andrea ilikuwa na tarehe, hatua alizochukua, na neno "Amerudi". Padre Bonifasi aliigeuza upande wa pili kuona kama kuna zaidi.

"Rosa alikuambia nini kilichomfanya arudi?"

"Rosa yuko uani, Padre. Unaweza kumuuliza."

"Nakuuliza wewe. Huu ni mtihani."

"Najua, Padre."

Padre alisubiri. Bwana Severini, ambaye anampenda Andrea kama mwanawe, aliinama akamnong'oneza kwa sauti tuliyoisikia wote, "Jibu, bwana! Utaanguka tena." Andrea alitazama mikono yake, ambayo bado ina sugu za jembe. Kila mtu chumbani mle alijua kwamba kazi yake, na kazi ya mwalimu wake ya miaka tisa, na chumba chenyewe, vinategemea jibu. Hakujibu.

Mwalimu Kristina alivuta karatasi, akaandika "Amefaulu", akatia sahihi.

"Kwa jibu gani?" Padre aliuliza.

"Umemwona mwenyewe."

Padre Bonifasi alimtazama, akamtazama Andrea, halafu akaanza kucheka polepole, akaomba kalamu. Bwana Severini alitia sahihi wa tatu, akapiga doa la wino, na sikulinakili.

Kwa hiyo tarehe 1 Januari Mwalimu Andrea ataingia chumbani, na wanafunzi wapya wa kazi hii watapokelewa mwezi wa Februari. Mwalimu Kristina atahamia Morogoro mjini, ambako kuna joto na njia ni tambarare.

Mwalimu wetu, shule inakushukuru kwa kila mtoto uliyembakiza darasani, na wazazi wa Lugoni wanakushukuru kwa kupanda hadi kwao wakati ungeweza kuwaita. Watoto mia mbili na kumi na wanne waliingia chumbani mwako wakakuambia yaliyowasibu. Nimenakili daftari zako zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na hayamo. Ahsante kwa kuyatunza. Ushuke nayo salama, magoti yako yapone, na maisha ya huko chini yawe mema kwako siku zote.

Yuliana
Ofisi ya Shule ya Misheni, Lugoni
Desemba 1912